Mwigizaji Aliyekwenda Kudai Mshahara

Mwaka 1929 kijana mmoja wa Dar es Salaam alifika Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, mjini Berlin, kudai fedha zake. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alilitumikia jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia tangu akiwa mtoto wa miaka 10, na baba yake naye alikuwa askari wa jeshi hilohilo. Vita vilipokwisha Wajerumani walikuwa wameshindwa, na mishahara ya baba na mwana ikabaki bila kulipwa. Wizara ilimjibu kwamba amechelewa, muda wa kupokea madai kama yake umepita.

Jina lake ni Mahjub bin Adam Mohamed. Katika makaratasi ya Kijerumani aliandikwa Mohamed Husen, na mara nyingine Bayume Mohamed Husen. Baada ya jibu lile hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin, na katika miaka 12 iliyofuata alifanya kazi ya uhudumu wa baa, alifundisha Kiswahili chuo kikuu, alipanda majukwaani na kuonekana katika filamu zaidi ya 20. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kutoka nchi yetu kuigiza katika filamu za kampuni kubwa za Ulaya, ingawa hapa kwetu wasiolijua jina lake ni wengi mno.

Wazungu walimpenda akicheza sehemu moja: askari mwaminifu wa Kiafrika, aliyevaa sare ya zamani na kusimama nyuma ya bwana wake. Sehemu hiyo aliijua kwa sababu aliishi ndani yake tangu utotoni. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Nchi iliyokataa kumlipa kwa uaskari alioufanya kweli ilikuwa tayari kumlipa auigize.

Mtoto wa efendi

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa Msudani mwenye cheo cha efendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi la kikoloni la Wajerumani. Wasudani walikuwa nguzo ya jeshi hilo tangu mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipowaajiri mamia yao kutoka Misri na kuja nao pwani kupigana na Abushiri bin Salim. Walipewa sare, silaha na mshahara, na miji ya pwani ikawazoea. Wengi walioa huku, na watoto wao wakakua wakizungumza Kiswahili cha mitaa ya Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga. Mahjub alikuwa mmoja wa watoto hao, na Kijerumani alikijua tangu angali mdogo.

Vita vilipoanza Agosti 1914 baba alikwenda vitani na mwana akaingia naye, akiwekwa kwenye kundi la vijana waliofundishwa kupeleka ishara. Jeshi lililokuwa likihama porini kwa mamia ya kilomita lilitegemea sana ishara za vioo vya kumulikia jua, taa na bendera, na vijana wenye macho makali na akili nyepesi walikuwa na thamani kubwa. Oktoba 1917 Mahjub alikuwa kusini, karibu na Lindi, katika mapigano ya Mahiwa. Siku nne za mapigano hayo zilikuwa miongoni mwa siku za umwagaji damu mkubwa kuliko zote katika vita vya Afrika Mashariki. Alijeruhiwa, kisha akaangukia mikononi mwa Waingereza akiwa mfungwa wa vita. Alikuwa na miaka 13.

Msomaji aliyeko Ntobeye, katika vilima vya Bugufi wilayani Ngara, anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya pwani na ya kusini. Vita hivyo vilifika hukohuko kwake. Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo akiingia Rwanda, na baadaye, kuanzia mwaka 1901, akawa gavana wa koloni lote, gavana aliyeizima Maji Maji kwa moto na njaa. Wakati wa Wajerumani Bugufi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Urundi. Mwaka 1916 Wabelgiji walishuka kutoka Rwanda na Urundi, mwezi Juni wakaiteka Biharamulo, na Septemba wakaingia Tabora. Vita vilipokwisha, Bugufi ikaunganishwa na Tanganyika ya Waingereza.

Kila jeshi lililopita lilitaka migongo ya kubeba mizigo yake. Waingereza peke yao wanakadiriwa kutumia wapagazi wapatao milioni moja katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Fedha za wengi waliokufa hazikuzifikia familia zao. Kwa hiyo mshahara aliokwenda kuudai Mahjub ulikuwa tone katika deni kubwa lililotapakaa kutoka Lindi mpaka Kagera. Wadai wengi walikuwa wameshakufa, na wengi wa waliokuwa hai hawakuwa na njia ya kumfikia mdaiwa. Mahjub alikuwa nayo.

Kutoka melini hadi Potsdamer Platz

Njia hiyo ilikuwa bahari. Baada ya vita alifanya kazi ya uboi kwenye meli mbalimbali, na kuanzia mwaka 1925 akawa mhudumu katika meli za Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyounganisha bandari za Ujerumani na pwani yetu. Melini alijifunza namna ya kusimama mbele ya Wazungu wenye fedha, kuwahi kabla hawajaita na kuzungumza bila kuchosha. Ilikuwa kazi, na kwa namna yake ilikuwa pia mazoezi ya jukwaani.

Berlin haikuwa ngeni kwa Waswahili. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa hapo mwaka 1887, na walimu wa Kiswahili waliletwa kutoka pwani kuwafundisha maofisa waliokuwa wakienda kutawala. Mashuhuri kuliko wote ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu kikubwa cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 walisafiri pamoja kuja kuishi nyumbani kwa mume, wakafika Dar es Salaam, na serikali ya koloni ikamzuia mke Mzungu asishuke na mume wake Mwafrika. Ikabidi wageuze. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, miaka miwili kabla ya Mahjub kufika.

Wizara ilipomfungia mlango, Mahjub alipata kazi Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe kwenye uwanja wa Potsdamer Platz. Kila ukumbi wa jumba hilo ulipambwa ufanane na nchi fulani: mkahawa wa Kituruki, chumba cha chai cha Kijapani, ukumbi wa mto Rhine uliopigwa radi na mvua za bandia kwa saa maalumu. Mahjub aliwekwa kwenye baa iliyoigiza Marekani ya magharibi. Mtoto wa efendi wa Dar es Salaam alikuwa akiwapelekea Wajerumani vinywaji ndani ya Marekani ya mbao na rangi, na ngozi yake ikiwa sehemu ya mapambo. Alikuwa ameanza kuigiza kabla hajasimama mbele ya kamera.

Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, mwanamke Mjerumani. Siku tatu baadaye Adolf Hitler akawa kansela. Wawili hao walipata mtoto wa kiume, Ahmed, na wa kike, Annemarie. Mahjub alikuwa pia na mwana mwingine wa mama tofauti, ambaye wanandoa hao walimchukua na kumlea. Ahmed na Annemarie walifariki wangali wadogo.

Soko la sura nyeusi

Studio za Berlin zilikuwa zikihitaji Waafrika muda mrefu kabla ya Mahjub kufika. Filamu za Kijerumani za miaka ya 1920 zilijaa safari za nchi za mbali, masultani, watumwa na wachawi, na sehemu hizo ziligawiwa kwa Waafrika wachache walioishi mjini. Kiongozi wao alikuwa Louis Brody, mzaliwa wa Douala, Kamerun, mwaka 1892. Alikuwa mwigizaji, mwanamuziki na mwanamieleka, na aliigiza chini ya waongozaji wakubwa kama Fritz Lang. Pamoja na kipaji chake chote, mara nyingi Brody alibaki mlinzi wa mlango, mtumishi au mfalme wa kubuni. Kwa mwigizaji mweusi wa wakati huo kipaji kilimfikisha mlangoni mwa studio, na hapo walioandika hadithi ndio walioamua atakuwa nani.

Filamu iliyomtambulisha Mahjub ilitoka mwaka 1934. Inaitwa Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, iliongozwa na Herbert Selpin, na inahusu vita vya 1914 katika koloni la Wajerumani. Mahjub aliigiza kijana wa ishara aitwaye Mustafa. Alikuwa na miaka 30, akicheza kazi aliyoifanya akiwa na miaka 10. Alijua jinsi kioo kinavyoshikwa na jinsi jua linavyowindwa kabla wingu halijapita, na alijua jeraha. Hakuna mwigizaji wa Kijerumani katika filamu ile aliyeweza kudai kwamba aliyaona mapigano ya Mahiwa kwa macho ya mtoto. Lakini hadithi haikuwa yake. Ilikuwa hadithi ya mashujaa wa Kijerumani na uaminifu wa Waafrika kwao, na kijana wa ishara alikuwamo ili kuuthibitisha uaminifu huo.

Hadithi ya askari mwaminifu ilikuwa na kazi ya kisiasa. Baada ya kunyang'anywa makoloni, Wajerumani waliotaka kuyarudisha walihitaji ushahidi kwamba Waafrika waliwapenda. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, lililoweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kusimamishwa Ulaya, likageuzwa kuwa ushahidi huo. Mtu kama Mahjub, aliyezungumza Kijerumani na kuvaa sare ya askari katika mikutano ya wakoloni wa zamani, alikuwa ushahidi unaotembea. Alishiriki pia katika Deutsche Afrika-Schau, maonyesho yaliyozunguka miji ya Ujerumani kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi yalipofungwa mwaka 1940. Humo Waafrika waliokuwa wakazi wa Ujerumani kwa miaka mingi walicheza ngoma na maisha ya kijijini ambayo baadhi yao hawakuwahi kuyaishi.

Mambo hayo hayakuwa ya Berlin peke yake. Mwaka 1935 ilitoka Uingereza filamu Sanders of the River, iliyousifu utawala wa Waingereza Afrika. Nyota wake mweusi alikuwa Mmarekani Paul Robeson, ambaye baadaye aliijutia waziwazi, na miongoni mwa Waafrika walioajiriwa kwa sehemu ndogo alikuwamo mwanafunzi kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Kenyatta alichukua ujira wake akaendelea na masomo na siasa, na London ikamwacha aende zake. Mahjub hakuwa na mlango kama huo wa kutokea. Alikuwa na mke na watoto katika nchi ambayo kila mwaka ilimfinyia nafasi ya kupumua.

Barua za mdai

Aliendelea kudai. Mwaka 1934 serikali ilipoanzisha nishani ya heshima kwa wapiganaji wa vita vya 1914 hadi 1918, Mahjub aliiomba yake, akakataliwa. Mwaka 1935 alifukuzwa Haus Vaterland baada ya kushitakiwa na wafanyakazi wenzake. Mwaka huohuo zilitungwa sheria za Nuremberg, zilizopiga marufuku ndoa na mapenzi kati ya Wajerumani na Wayahudi, na upesi zikatumiwa dhidi ya Waafrika pia.

Alipata riziki kwa vipande: filamu moja leo, onyesho moja kesho, na kazi chuo kikuu, ambako alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili chini ya Diedrich Westermann, mtaalamu mkubwa wa lugha za Afrika. Wanafunzi wake walikuwa watu wa serikali waliotarajia kwamba makoloni yangerudi. Vyeo na heshima ya kitaaluma vilibaki kwa wenyeji. Aliyeisikia lugha hiyo kutoka kwa mama yake alihesabiwa msaidizi.

Mwaka 1939, Hitler alipoanzisha vita vingine, Mahjub alijitolea kuingia jeshini, na hapo pia alikataliwa. Wengi hukiona kitendo hicho kuwa kilele cha upofu. Mimi nakiona kwenye mstari mmoja na mshahara na nishani. Mtu huyu aliamini kwamba alikuwa na mkataba na dola ya Ujerumani: baba yake alitoa maisha yake ya kazi, yeye alitoa utoto na damu yake, na kila aliyetoa ana haki ya kupewa. Alipeleka dai lake kwa kila mlango aliouona, hata kwa mlango wa watu waliomwona duni kwa damu. Kosa la hesabu lilikuwa la mdaiwa. Sioni haki ya kumcheka mdai kwa sababu mdaiwa alikuwa dhalimu.

Ramasan

Sehemu yake kubwa kuliko zote aliipata katika filamu ya Carl Peters ya mwaka 1941, iliyoongozwa tena na Herbert Selpin, nyota wake akiwa Hans Albers, mmoja wa waigizaji waliopendwa zaidi Ujerumani. Mahjub aliigiza Ramasan, kiongozi wa njia anayemsindikiza Peters.

Carl Peters wa kweli tunamjua. Mwishoni mwa 1884 alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za watemi na wazee kwenye mikataba ambayo hawakuweza kuisoma, na Februari 1885 serikali yake ikaitumia mikataba hiyo kuitwaa nchi. Miaka michache baadaye, huko Kilimanjaro, aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana aitwaye Jagodia, akafukuzwa kazi mwaka 1897. Watu wa huku walimwita Mkono wa Damu. Wanazi walimsafisha jina, na filamu ikamfanya shujaa.

Sasa mtazame Mahjub kwenye kazi hiyo: mzaliwa wa mji ambao uliangukia mikononi mwa Wajerumani kutokana na safari za Peters, akimwonyesha njia Peters wa bandia ndani ya pori la bandia, huku sheria za nchi zikimkataza kumpenda mwanamke wa Kijerumani. Anasimama wima na uso wake umetulia. Sura za watumishi wengi wa filamu za wakati huo zilitakiwa zichekeshe, lakini yeye aliwapa wahusika wake uzito wa mtu aliyewahi kubeba wajibu. Hicho ndicho kipaji chake, na kinaonekana hata ndani ya filamu chafu.

Filamu ilitoka mapema mwaka huo. Mwezi Aprili kazi yake chuo kikuu ilifika mwisho. Agosti alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, akituhumiwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, ambamo zaidi ya watu 200,000 walifungwa kati ya 1936 na 1945. Alikaa humo miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40. Majivu yake yalizikwa katika makaburi ya Reinickendorf, Berlin.

Deni lililobaki

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa Afrika Mashariki waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba mlipaji aliyetumwa Mwanza alikutana na wazee wengi, wachache tu kati yao wakiwa na hati za zamani. Ili kuwatambua wengine aliwapa ufagio uwe bunduki, akawaamuru kwa Kijerumani gwaride la silaha, na wazee wale wakalifanya bila kukosea. Wasimulizi wengi huisimulia habari hiyo kama kisa cha kufurahisha. Ukiisoma baada ya maisha ya Mahjub inauma, kwa kuwa wazee waliokwisha kuutoa ujana wao walilazimika kuucheza tena kama waigizaji ndipo haki yao itoke mfukoni mwa mtu mwingine.

Kumbukumbu za Mahjub zimeanza kukusanywa. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst aliandika wasifu wake, uliotolewa mwaka 2007, na mwaka huo jiwe dogo la shaba lenye jina lake liliwekwa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba aliyowahi kuishi, Brunnenstraße 193, Berlin. Mwaka 2013 Eva Knopf alitengeneza filamu ya kumbukumbu, Majubs Reise, akimtafuta katika pembe za picha ambako waongozaji walikuwa wamemsahau. Kazi hizo zimefanywa na Wajerumani, na wanastahili shukrani.

Sehemu yetu sisi bado haijafanywa. Tunapoeleza historia ya filamu Tanzania huanza na mradi wa filamu za mafunzo uliokuwa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, kisha tunafika mapema miaka ya 1950, Rashidi Kawawa alipoigiza katika Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, miaka kama kumi kabla ya kuwa waziri mkuu. Kawawa aliigiza kwa Kiswahili, mbele ya watazamaji wa kwao, hadithi za watu wa kawaida. Mahjub hakupata hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Hata hivyo alikuwa kwenye kazi hiyo zaidi ya miaka 15 kabla ya Chalo Amerudi, na historia inayomwacha nje kwa sababu ya aibu ya filamu alizocheza inamwadhibu yeye kwa makosa ya waliomwajiri.

Filamu zake bado zipo. Zinafaa kuonyeshwa katika vyuo vyetu vya sanaa na madarasa ya historia, mwalimu akisimamisha picha pale Mustafa anapoinua kioo au Ramasan anapotangulia njiani, na kuwaambia wanafunzi: huyu ni Mahjub bin Adam wa Dar es Salaam, alipigana Mahiwa, na alikwenda Berlin kudai mshahara wake. Mwanafunzi wa Ntobeye, ambaye wazee wa wazee wake walipitiwa na vita vilevile, ana sababu zote za kumhesabu kuwa wake. Uwezo wa kulipa mshahara ule hatunao. Tulichonacho ni uwezo wa kuliweka jina lake mwanzoni mwa orodha ya waigizaji wetu, na hilo halihitaji kibali cha wizara yoyote.